Tarehe ya Leo

"Usizime injini," Orval Stidham alimwambia binti yake, na maneno mengine yakamezwa na kikohozi ndani ya leso.

Dreama aliizima hata hivyo. Mbele ya mlango wa ofisi ya karani wa kaunti alisimama Clovis Akers, mwenyekiti wa chama cha siasa cha Orval katika kaunti, mikono kiunoni. Clovis na Orval walishuka mgodini pamoja miaka ishirini na miwili, na Clovis ndiye aliyempigia debe Orval mpaka akaingia Bunge la jimbo.

"Baba, turudi nyumbani," Dreama alisema. "Leo asubuhi nimekuta barazani sahani zetu tatu tulizowapelekea majirani pai. Zimeoshwa, zimeachwa bila hata hodi."

"Sahani safi si jambo baya."

"Watu wanasema umenunuliwa. Niambie basi kwa nini unahama chama. Mimi tu."

"Wewe nikikuambia, uso wako utamweleza Clovis kabla hujafungua mlango wa gari."

Ilikuwa kweli. Tangu utotoni Dreama hakuwahi kuficha kitu. Hata zawadi za Krismasi zilimponyoka siku tatu kabla. Alizunguka gari, akamfungulia baba yake mlango, akampa mkono wa kushikilia. Chini ya shati aligusa mfupa. Kwenye mkanda wa suruali mzee alikuwa ametoboa tundu jipya kwa msumari, na pembeni yake jingine jipya zaidi. Nani angepata hamu ya kula, Dreama alijiambia, na mji mzima unakutemea mate?

"Yuda huyo!" Clovis alipaza sauti. "Tena siku hizi anaendeshwa!"

"Habari za asubuhi, Clovis."

"Habari gani? Nieleze mimi, uso kwa uso. Ni ule muswada wa mapafu? Nani alikukataza? Mwaka jana uliupigia kura ukiwa kwetu, na Jumapili yake ukaja kwangu kula maharage! Januari upigie tena. Kaa hapa hapa kwetu, upige!"

Muswada ule ulitaka wachimbaji walioharibiwa mapafu na vumbi la makaa walipwe wakiwa bado wanapumua. Mwaka jana ulianguka kwa kura moja. Hobart Ratliff, mbunge wa chama cha Orval na Clovis aliyeahidi kuuunga mkono, alifariki wiki mbili kabla, na wakubwa wa chama alichokuwamo alipofariki, kama sheria ya jimbo inavyosema, wakateua mtu wa kukalia kiti kilichobaki. Mtu huyo akaupinga. Safari hii mbunge mmoja wa kusini alikuwa ameshawishika. Kura zilitosha, bila akiba hata moja.

"Januari ni mbali," Orval alisema.

"Mbali? Kesho kutwa Sikukuu ya Shukrani, na Januari hiyo hapo mlangoni! Unakimbilia nini, bwana? Unamkimbilia Nadine wa sweta?"

Nadine Kiser alikuwa muuguzi wa kliniki ya mapafu. Uchaguzi uliopita aligombea kwa tiketi ya chama kile kingine, naye akiutaka muswada ule ule, na Orval alimshinda kwa kura tisini tu. Nadine alipanda vilima vyote kuomba kura akiwa na sweta lake la kliniki, na Clovis akalifanya sweta hilo wimbo: hata koti hana, bungeni atavaa nini?

Clovis alishusha sauti.

"Siku ile paa lilipoporomoka, nani alikufukua?"

"Wewe."

"Kwa mikono hii."

"Kwa mikono hiyo, Clovis."

"Sasa?"

Orval aliitazama ile mikono. Midomo yake ilicheza, na Dreama akadhani sasa atasema. Lakini Clovis alishikwa na kikohozi, kikohozi kile kile kikavu cha baba yake, akalazimika kuinama na kushika ukuta. Orval alimwekea kiganja mgongoni mpaka kikohozi kilipotulia. Kisha akampita, akaingia ndani.

Karani, Vesta, mwanamke aliyewahi kumwimbia Orval kanisani siku ya kuapishwa kwake, aliisukuma fomu ya kuhama chama juu ya kaunta kwa ncha ya kidole. Orval alipumzika mara mbili kabla ya kumaliza kuandika jina lake.

"Inaanza kutambulika lini?" aliuliza. "Kuna siku za kungoja?"

"Hakuna cha kungoja. Nikigonga muhuri, umeshahama."

"Leo hii?"

"Leo hii, Mheshimiwa. Usiogope, hatutakurudisha."

"Gonga basi. Tarehe isomeke vizuri, tafadhali."

Vesta aligonga mpaka kalamu zikaruka. Orval aliifuata tarehe kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, akaomba nakala, akaikunja, akamkabidhi binti yake aihifadhi. Kisha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu majani yaanze kuanguka, na Dreama aliumia kuona ni kitu gani kilichomfurahisha baba yake hivyo. Hakuwa na la kufanya. Alimshika mkono wakatoka.

Clovis bado alikuwa amesimama pale nje, kofia mkononi. Garini Dreama alishindwa kupata tundu la ufunguo kwa machozi.

"Nyumbani?" aliuliza alipolipata.

"Hapana, mwanangu. Nipeleke hospitali. Daktari alitaka nilazwe tangu Ijumaa, nikamwomba aniachie mpaka leo." Orval aliegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. "Na ukitoka huko, pitia kwa Nadine. Mwambie atafute koti zito. Ule ukumbi, Januari, una baridi sana."