Glasi ya Sita

Kabla homa haijamnyang'anya uwezo wa kunusa, Mashauri aliishi kwa kuonja wiski na kutaja nchi zilikotoka. Leo, miezi saba baadaye, mkewe Nyamizi alimpangia glasi tano, kila moja ina jina la nchi chini yake.

"Hii ni Ayalandi," Mashauri alisema, akiiinua moja kwenye mwanga.

"Unatumia macho, Baba Tabu. Fumba."

Akafumba. Nyamizi, ambaye hajatia pombe mdomoni tangu azaliwe, akamdondoshea tone viganjani na kumsugua, kama alivyozoea kumwona akifanya mwenyewe. Mashauri akapeleka viganja puani.

"Moshi! Nasikia moshi! Hii ni ya Uskochi, wanakokausha shayiri kwa moshi."

Nyamizi akainua glasi, akasoma chini yake. "Marekani," alisema kwa huruma.

Mashauri akainamisha kichwa. Halafu akakiinua taratibu, pua ikaelekea uani.

"Mama Tabu, umeacha maharage jikoni?"

Nyamizi alikurupuka, akafika mlangoni, akasimama, akageuka kuitazama pua ya mumewe. Kisha akarudi kuketi.

"Yaache," alisema. "Niambie yameungua kiasi gani."

Mashauri akafumba macho, akavuta pumzi polepole, kama mtu aliyemiminiwa glasi ya sita.