Meza ya Bi Mwanakombo

Bendi ilipovunjika, gita la baba yake Sikudhani liliuzwa. Lilikuwa gita la kulaza, lenye miguu minne na pedali, na liliwahi kuliza mji mzima. Baba alipofariki, Sikudhani alianza kulitafuta, akaulizia nyumba hadi nyumba, mpaka akaelekezwa kwa mjane asiyemjua, Bi Mwanakombo.

"Gita? Hapa halipo, mwanangu," alisema Bi Mwanakombo. "Karibu chai."

Chupa ya chai ilikaa juu ya meza nyembamba iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Chini yake zilichungulia pedali. Sikudhani akainua pindo la kitambaa, akaona nyuzi zenye kutu.

"Ala! Na mimi napigia pasi juu yake miaka yote!" Bi Mwanakombo akamaka.

Sikudhani hakucheka. Baba yake alilipiga gita hilo peku, akidai kiatu ni kiziwi. Akavua kandambili, akapapasa pedali ya kushoto kwa unyayo. Chuma kilikuwa kimelika mahali pa kidole gumba cha baba, na kidole chake kikatulia humo humo.

"Hebu liguse, mwanangu," Bi Mwanakombo alinong'ona, akiondoa chupa na kitambaa.

Sikudhani akacharaza uzi mmoja, kisha akakanyaga. Sauti ikapanda taratibu, kama inayotafuta mahali ilipoachwa.

Bi Mwanakombo alibaki ameikumbatia chupa ya chai, asijue pa kuiweka.