Mwenyekiti Aenda Hekaluni

Joto la Aprili lilikuwa limewalaza hata mbwa wa mji wa Kumbakonam, kusini mwa India, mferejini, lakini Ilangovan alivaa kofia ya sufu, ile ya kuvuta mpaka kidevuni, akabakiza macho na pua tu. Alidhani amejificha. Watu wote langoni mwa hekalu walikuwa wakimtazama yeye.

"Mzee, una homa?" aliuliza mama muuza maua.

"Nimekuja kuangalia nakshi," alijibu Ilangovan. "Mambo ya historia."

"Basi nunua nazi. Hata historia haiendewi mikono mitupu."

Akanunua nazi, ndizi mbili, majani ya tambuu na kafuri, vyote katika kikapu kidogo. Mtu wa historia gani huyu, alijiuliza, anayetembea na ndizi?

Kwa miaka arobaini Ilangovan alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Fikra Huru. Kila Ijumaa jioni alisimama ukumbini akawaambia watu kumi na wanne, wawili kati yao wakiwa wamefuata pangaboi tu, kwamba mungu ni jiwe na kuhani ni tumbo. Aliandika hata kijitabu, "Jiwe Halisikii". Kilichapishwa mara moja, na nakala nyingi bado zilikuwa chini ya kitanda chake. Sasa mkewe, Malarkodi, mwalimu wa hesabu, alikuwa amelazwa hospitali mjini Thanjavur, apasuliwe moyo kesho asubuhi. Daktari alisema, "Tutajitahidi." Mwenyekiti alipekua vitabu vyake vyote akitafuta la kushika baada ya "tutajitahidi", asilione. Mfa maji haachi kutapatapa.

Wanachama hawakumtisha sana. Aliyemtisha ni Malarkodi mwenyewe, maana katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa mkali. Siku ya harusi yao alikataa kuhani, akataka hotuba. Mjukuu akirudi na majivu ya hekalu usoni, bibi alimfuta kwa pindo la sari. Na kila Ijumaa, saa kumi kamili, shati la mumewe lilikuwa limeshapigwa pasi, naye akimsukuma mlangoni: "Nenda, baba, watu wanakungoja. Na hotuba usiifupishe." Angejua kwamba mumewe huyo amekuja kulipigia jiwe magoti kwa ajili yake, moyo wake usingengoja kisu cha daktari.

Ndiyo maana Ilangovan alichagua hekalu hili la ng'ambo ya mto. Lilikuwa na miaka elfu moja, na katika mtaa wao hakuna aliyewahi kusikika akilitaja.

Alivua viatu, na mlinzi akamwamuru avue na kofia. Mawe ya uani yalikuwa kikaango. Mwenyekiti alianza kwa mwendo wa heshima, akamaliza kwa kurukaruka, kikapu kikimpiga mbavuni na ndizi moja ikimtoroka. Kwenye nguzo ya kwanza aliona bakuli la majivu. Akachovya vidole, akajichora mistari mitatu ya kusimama kwenye paji la uso, apate kufanana na wenzake.

Mwanamke mmoja kwenye foleni alimnong'oneza, "Mzee, hapa kwa Shiva. Mistari ya huku hulala. Hiyo ya kusimama ni ya Vishnu."

Miaka arobaini ya kuicheka mistari ile jukwaani, na kumbe hakujua hata kama imelala au imesimama! Alijifuta kwa haraka, uso mzima ukabaki mweupe pe. Watoto wawili walicheka. Angekuwa mtazamaji, naye angecheka.

Foleni ilimfikisha kwenye mlango wa chumba cha ndani robo saa kabla ya hekalu kufungwa. Kuhani, mzee mfupi kifua wazi, alipokea kikapu bila kumtazama.

"Tunamwombea nani?"

"Mke wa jirani yangu," alisema Ilangovan. "Anapasuliwa moyo kesho."

"Jina lake, na nyota aliyozaliwa nayo."

Jina alikuwa nalo. Nyota hakuijua. Miaka thelathini na minane wamelala chumba kimoja, anakumbuka ajenda za mikutano ya zamani hata zile ambazo hakuna aliyehudhuria, lakini nyota ya mkewe hakuwahi kuiuliza. Bila nyota, walisema wenye kuamini, ombi halijui liende kwa nani. Alikuwa amelicheka hilo pia. Sasa aliona aibu, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Anaitwa Malarkodi," alisema kwa sauti ndogo. "Nyota siijui, bwana. Nakusihi, lifikishe hivyo hivyo."

Mkono wa kuhani ulisita juu ya nazi. "Malarkodi yule mwalimu wa hesabu? Mwembamba, mwenye miwani? Ala! Ndiyo maana Ijumaa iliyopita sikumwona!"

Akaigeukia taa, akawasha kafuri, akamwombea kwa jina lake na kwa nyota yake, Anusham, bila kuuliza tena. Akapasua nazi.

"Miaka ishirini na sita, kila Ijumaa jioni yuko hapa," alisema akirudisha kikapu. "Hajiombei hata siku moja. Ni mumewe tu. Husema si mtu mbaya, Bwana amsamehe, ila anapenda mno kusikia sauti yake mwenyewe." Akamtia majivu kiganjani. "Wewe jirani yao, eti ni kweli?"

"Kweli tupu," alisema mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kuongeza.