Pua ya Hospitali

Hospitali ilibandika pua yake, kidude cha plastiki cha kunusa moshi, ukutani sebuleni kwetu, eti imsaidie Baba kuacha sigara mpaka apasuliwe uvimbe wa shingo. Ikinusa moshi, anarudi mwisho wa foleni ya upasuaji. Mimi sigara zangu nilikuwa navutia nje kama mwizi. Baba aliacha kweli, akawa anatafuna karafuu kutwa.

Kesho apasuliwe, leo Mama akamfukizia kanzu udi, aende ananukia.

"Mzee Bwanaheri, umevuta," pua ikasema kwa upole. "Usijali, tunaanza upya."

"Ni udi, mjinga wewe," nikaiambia.

"Asante kwa kumtia moyo mgonjwa," pua ikajibu.

Mama akapiga magoti, akaiomba radhi ile plastiki. Baba akaushika uvimbe wake, akaninyooshea mkono.

"Nipe moja, mwanangu. Si nimeshavuta?"