Baraza la Vioo

Bibi kizee alikuwa amekalia lundo la mchanga la Masunga kama vile yeye ndiye aliyekodi lori.

Masunga alimwona kupitia dirisha, kikombe cha chai mkononi. Alhamisi, saa mbili asubuhi, mafundi hata koleo hawajashika. Bibi ametulia zake, kapu miguuni, macho yanafuata mitaro ya msingi mmoja baada ya mwingine mpaka ule wa mwisho, unaotazama ziwa.

Na mitaro hiyo, jamani, ndiyo iliyokuwa ikimnyima Masunga usingizi. Nyumba yake ya hapa Kiloleli ilikuwa nzuri, ila kila jioni upepo wa ziwa na vidudu vyake vilimfukuza ndani. Akaamua kujenga baraza la mbele, vioo pande zote, fremu za alumini, mtu akae ayaone maji bila kutafuna wadudu. Tatizo, baraza hilo lilitokeza hatua kumi nje ya kipande alichopewa kujenga, na ardhi yote ilikuwa mali ya mama mkwe wake, mjane aliyeishi kijijini Nkoma. Mama huyo asipotia kidole gumba kwenye karatasi, baraza hakuna.

Mtu mwingine angeomba kwanza, ndipo achimbe. Masunga alichimba kwanza.

Na kuomba kwenyewe si kwa simu. Kwa mila zao mkwe haongei na mama mkwe ana kwa ana. Maneno yote hupitia kwa mtu wa kati, naye alikuwa Mzee Joakim. Jibu lilikuja Jumatatu: "Jumamosi tunakuja. Mama hajakataa. Ila anasema kidole kitafuata macho; kwanza aone."

Kwa hiyo hadi Jumamosi Masunga hakutaka doa. Na doa alilifahamu kwa jina: Januarius, jirani yake, ambaye ng'ombe wake walizoea kukatiza hapo kwenda kunywa maji. Juzi tu alisimama kwenye mtaro akasema, "Hivyo vioo vyako, tutaona kama utavikalia." Sasa leo bibi asiyejulikana yuko juu ya mchanga. Nani asiyeweza kujumlisha?

Akatoka. Hasira ni hasira, lakini salamu ni salamu.

"Mwangaluka, mayu."

Bibi akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Akavuta khanga mpaka machoni, akageuka, akampa mgongo.

"Mama, nakusalimia!"

Masunga akazunguka lundo amwone usoni. Bibi naye akainuka, akazunguka upande wa pili. Akimfuata huku, yeye anahamia kule. Mtu na akili zake, kwenye kiwanja chake, anachezeshwa kombolela na kikongwe mbele ya mafundi wanaoingia getini!

"Kakutuma Januarius? Sema! Umekuja kuutazamia nini msingi wangu?"

"Bosi, mwache," alisema Danford, fundi mkuu. "Mtu mzima huyo."

"Mtu mzima hajibu salamu?"

Akalipiga kapu teke. Michembe ikamwagika mchangani, viazi vikavu vyeupe, na nyuma yake akabingirika kuku mweusi aliyefungwa miguu.

Masunga aliruka nyuma. Kisha akapaza sauti mpaka majirani wakasikia.

"Kuku mweusi! Kwenye msingi wangu! Mmeona wenyewe? Mchawi huyu! Mchawi!"

Mafundi wakatazamana. Neno hilo huku kwetu halirushwi hovyo. Limeshamaliza bibi za watu. Bibi alipiga magoti, bado kageukia ziwa, akaanza kuokota michembe mmoja mmoja. Masunga hakumwacha amalize. Alimpokonya kapu, akalitupa nje ya uzio, kuku akamrushia nyuma yake.

"Toka! Nikikuona hapa tena nawaita sungusungu, na hao hawana simile!"

Bibi akaondoka, khanga usoni. Masunga alimimina mfuko mzima wa chumvi kwenye mitaro, akajipongeza. Roho yake nyeupe. Mtu asipolinda chake, atalindiwa na nani?

Ijumaa vioo vikafika kutoka Mwanza, vizima vyote. Danford alivipanga ukutani, akachukua begi lake, akaaga kwamba kapata kazi kwingine. Masunga akamwambia aende salama, mafundi ni wengi.

Jumamosi mbuzi akachinjwa. Monika, mke wa Masunga, alirudi kutoka Bariadi alikokuwa kwa wiki nzima, akapitia kwanza kwa mama yake mdogo, nyuma ya soko, ambako mama yake alikuwa amefikia tangu Jumatano. Saa sita wakaja wote kwa miguu. Masunga aliposikia hodi akajifungia chumbani, kama adabu inavyotaka. Miaka mitatu ya ndoa, na uso wa mama mkwe hajawahi kuuona. Karatasi iko mezani, kidau cha wino pembeni, kimefunguliwa tayari.

Alisikia Monika akilia huko nje. Akadhani ni furaha ya kukutana na mama.

Mzee Joakim akaingia peke yake, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Karibu, mzee. Ameona?"

"Ameona."

"Atatia kidole?"

Mzee alitazama wino, kisha akamtazama Masunga.

"Yuko uani. Kabla hajaingia ana swali moja: mchawi apitie mlango upi?"