Kifungu cha Tisa

Nahashon alikuwa amekatazwa kukohoa, amekatazwa kujikuna, lakini kubwa kuliko yote alikatazwa kukubali kifungu cha tisa.

Aliketi kwenye kiti cha enzi cha kukodi, ndani ya ukumbi wa hoteli moja pale The Pearl, mtaa wa matajiri huko ughaibuni, amevikwa joho la zambarau na kilemba ambacho mkia wake ulizungushwa usoni yakabaki macho tu. Upande wa pili wa meza alikuwa Mkuu wa Kusini, naye amefunikwa vivyo hivyo. Kwa mila ya nchi yao, mahasimu hawaonani nyuso mpaka amani ifungwe.

Nchi yao, si yake. Nahashon ni mtu wa Nyahururu, dereva wa hoteli. Miezi minane alikuwa akimzungusha Mkuu wa Kaskazini madukani, huku nchi iliyopasuliwa vipande viwili na vita vya miaka kumi na mmoja ikingoja. Wakuu walijadiliana kwa vikaratasi, kila mmoja kwenye ghorofa yake. Leo ilibidi wakae meza moja, na Mkuu wa Kaskazini alikuwa amekula kiapo hadharani kwamba hatavuta hewa moja na yule mbwa wa Kusini. Basi asubuhi katibu wake akamkagua Nahashon kuanzia kitambi mpaka viatu, akaona kipimo ni kilekile cha Mkuu.

"Kazi yako ni kichwa tu," katibu alimwambia huku akimvisha muhuri wa Mkuu shingoni. "Kifungu cha kwanza mpaka cha nane, kiinamishe. Cha tisa, kitikise. Mazungumzo yavunjike, turudi zetu vyumbani. Ukikosea, kesho unapanda ndege."

Hakumweleza cha tisa kinasema nini. Nahashon alishakisikia kikitukanwa garini mara nyingi, na alikijua kuliko katibu.

Mchumba wake, Bella, alikuwa yaya huko Al Thumama, mtaa mwingine wa mji uleule, na alizaliwa katika vijiji vya mpakani vilivyochomwa na pande zote mbili. Paspoti yake ilikuwa inaisha mwezi huu. "Kaskazini wananiambia mimi ni wa Kusini," alimlalamikia kwenye simu, kwa Kiswahili alichofundishwa na Wakenya. "Kusini wananiambia mimi ni wa Kaskazini. Sasa mimi ni wa wapi, Nasho? Wa Al Thumama?" Akacheka, kisha akalia. Bila paspoti angerudishwa, na hakuna aliyejua angerudishwa wapi.

Mpatanishi, mzee mrefu aliyechoka mpaka nywele, akaanza kusoma. Kifungu cha kwanza kilihusu bendera. Vichwa viwili vikainama. Cha pili kilihusu upana wa bendera hiyo. Vikainama tena. Cha sita kilikuwa na kurasa kumi na nne juu ya nani atatangulia kuingia ikulu. Ikaamuliwa mlango upanuliwe.

Mkuu wa Kusini alikuwa mtu wa kutisha. Hakupepesa macho. Bilauri yake ilipopinduka, hakungoja mtu. Aliruka, akanyakua kitambaa, akaifuta meza yote kutoka ncha hadi ncha, akarudi kuketi. Mtu asiyekubali kupoteza hata tone la maji, Nahashon aliwaza, atakubali vipi kutoa mashamba?

"Kifungu cha tisa," mzee akasoma. "Watu wa mpakani, popote walipo, ni raia kamili. Watapewa paspoti, watapiga kura, na watarudishiwa mashamba yao."

Katibu akakohoa nyuma yake kumkumbusha. Nahashon akafikiria ndege ya kesho, akafikiria mama yake nyumbani, halafu akamfikiria Bella na moyo ukamuuma kwelikweli.

"Mungu wangu, nisaidie," akanong'ona kwa Kiswahili ndani ya kitambaa, akainamisha kichwa.

Katibu akamfinya mgongo mpaka machozi yakamtoka. Katibu angefanya nini zaidi? Kupiga kelele kungekuwa kujianika.

Macho yote yakahamia Kusini. Yule mtu akamkazia Nahashon macho, muda mrefu, kichwa kimeegemea upande mmoja. Halafu, polepole, naye akainama. Nyuma yake, katibu wa Kusini akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Katika nchi ile, muhuri wa Mkuu ukishagonga karatasi, hata Mkuu mwenyewe hawezi kuukana. Nahashon akauvua shingoni, akagonga. Kusini akagonga. Makofi yakalipuka, mwandishi mmoja wa habari akaangua kilio, na Bella akawa raia.

"Amani imefungwa!" mpatanishi akasema, sauti ikimtetemeka. "Sasa wakuu wafunue nyuso zao, wakumbatiane mbele ya dunia."

Kamera zikasogea. Nahashon akazunguka meza, mkono umeshika ncha ya kitambaa. Kufukuzwa kazi alishakukubali. Alichoogopa ni jambo moja tu: Mkuu wa Kusini akigundua kwamba amefunga amani na dereva, ataichana ile karatasi palepale, aseme muhuri uliogongwa na dereva si muhuri, na Bella atakuwa hana pa kwenda.

Wakasimama uso kwa uso. Mkuu wa Kusini hakungoja kitambaa kishuke. Alimvuta Nahashon kwa nguvu, akamkumbatia, akazigeuzia kamera mgongo, mdomo ukamfika sikioni.

"Usifungue hiyo kitu, bro, nakuomba," akanong'ona. "Mimi huosha sufuria hapo chini. Na hata mimi niliambiwa nikatae."