Jaribio la Tatu la Bi Samahani

Asubuhi hiyo kila mtu aliokota tabia yake kwenye bakuli la plastiki, akaisoma kwa siri, akaitia mfukoni.

Ndivyo mkufunzi alivyowazoeza. Hawa walikuwa wanafunzi wa uzamili, watu wazima wenye shahada zao, wanaoandaliwa kuwa wahadhiri. Mmoja akipanda jukwaani kufundisha, wenzake hukaa madawatini wakijifanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tena wale wa kumtia mwalimu wazimu. Kikaratasi kimoja kinasema, Chelewa. Kingine, Bishana. Kingine, Lala. Nani kapata kipi, hajui mkufunzi wala anayefundisha.

Leo jukwaa lilikuwa la Bi Samahani. Jina hilo walimpa wenzake, maana huyu mama kila kitu kwake ni samahani, hata akigongana na kiti. Alikuwa ameshaanguka kwenye jaribio hili mara mbili. Mara ya kwanza simu ililia, akasimamisha somo, asijue tena alikuwa anasema nini. Mara ya pili mwenzake alijifanya amepaliwa, akakohoa kama mbuzi. Bi Samahani akatupa chaki, akakimbia kumletea maji.

"Wewe ni mwalimu au muuguzi?" mkufunzi alimwuliza siku ile. "Watakuchezea hao. Ukisimama kwa kila kikohozi, mwaka utaisha hujafika ukurasa wa pili."

Jaribio la tatu ndilo la mwisho. Akianguka tena, nafasi ya kufundisha anapewa mwingine, naye anarudi mikono mitupu kwa mama yake, alikomwacha mwanawe tangu hajaanza kutembea.

Aliyemtia moyo ni Babu. Hakuwa mzee kivile, ila ndiye mkubwa wao, karudi chuoni mvi zimeshaanza kuchungulia. Wiki nzima alikuwa akikaa naye kwenye korido, akijitia mtukutu ili amzoeze. Asubuhi hii aliingia akihema kwa kupanda ngazi, shati limemganda mgongoni, na wengine wote wamevaa masweta.

"Babu, umekimbizwa na nani?" wakamtania.

"Na uzee, wajukuu zangu." Akajitupa kitini, akamgeukia Bi Samahani. "Leo nitakusumbua mpaka uombe poo. Na usithubutu kuniletea maji!"

Bi Samahani akashika chaki. Akaligeukia darasa.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mtungi uko chini, wanywaji wako darini, na ngazi hakuna."

"Panya!" "Moshi!" "Mwenye nyumba wangu!"

"Mti," alisema, na kabla vicheko havijaisha alikwisha kuuchora ubaoni, mizizi na majani, akaanza kueleza maji yanavyopanda kutoka udongoni mpaka kwenye jani la kileleni.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, mchelewaji huyo. Bi Samahani hakumtazama. Mbishi akadakia kwamba yeye habari za mizizi haziamini. Akamjibu kwa neno moja, akaendelea. Kule nyuma mkufunzi akaandika kitu.

Ndipo Babu akainua mkono. Aliuinua nusu, ukabaki umening'inia, mdomo wazi, macho kamkazia Bi Samahani.

Moyo ulimwambia nenda. Mguu ulishatangulia. Akaurudisha.

"Maswali mwishoni," alisema.

"Haya, Babu kapatikana!" mtu akachekelea.

Mkono ukashuka. Kalamu ikaanguka, ikabingirika mpaka chini ya jukwaa. Babu akalaza kichwa juu ya dawati, na muda si muda akaanza kukoroma, mkoromo mzito wa kukwaruza. Darasa likavunjika mbavu. Kumbe huyu mzee anajua kuigiza hivi!

Hapo ndipo pa kuanguka, na wote walijua. Bi Samahani aliteremka taratibu, maneno hayamkatiki, akapita kati ya madawati mpaka alipo. Akamwekea kiganja begani. Shati lilikuwa limelowa chepechepe. Akawatazama wengine, akatabasamu.

"Aliyelala usimwamshe," alisema, "ukimwamsha utalala wewe."

Wakapiga meza kwa vicheko. Yeye akarudi ubaoni, na kuanzia hapo alifundisha kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mkoromo ukapungua, ukakatika, ukaja mmoja tena wa peke yake. Kisha kukawa kimya, na katika kimya hicho sauti yake ilifika mpaka madirishani.

Muda ulipokwisha mkufunzi alisimama. Hakuwa mtu wa kusifu.

"Umefaulu," alisema. "Mtu anakulalia mbele ya macho yako, na somo hukuliacha. Huyo ndiye mwalimu."

Bi Samahani akajifunika uso kwa viganja vyenye vumbi la chaki, akalia kwa furaha. Wenzake wakamzunguka, huyu anamkumbatia, yule anamhimiza ampigie mama yake simu sasa hivi.

"Babu, amka bwana, mchezo umekwisha!"

Nyuma kabisa dada mmoja mpole, ambaye tangu asubuhi hakufungua kinywa, alikuwa bado ameketi. Akainua kidole kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, naomba nisihesabiwe kosa," alisema. "Wa kulala nilikuwa mimi. Nilipomwona Babu ameniwahi, nikaona niache."